TUOMBE MSAADA, TUOMBE NA MSAMAHA

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya walimu wakimbizi katika siku ya kuwakumbuka marehemu wetu, Kampala)



Tunawapa pole ya safari wale waliotoka Nakivale, Kyaka na Kyangwali ili kuwa nasi hapa Kampala. Tunawashukuru wenyeji wetu wa Uganda, nchi ambayo imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na ambayo Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea.

Kamati imetuomba sisi walimu tuseme machache kabla ya majina ya marehemu kusomwa. Tulipokaa kutafakari, tukaona kuna jambo moja ambalo lisipoelezwa litabaki mioyoni kama mwiba. Miaka iliyopita kila kundi lilisoma majina ya watu wake, kisha likaketi, na kundi jingine likasimama. Mwaka huu Kamati imeamua kwamba majina yote yawekwe katika orodha moja, kwa kufuata alfabeti, bila kutaja kabila wala kijiji. Wapo walioipokea habari hiyo kwa moyo mweupe. Wapo pia walioumia. Mzee wetu mmoja alituuliza hivi: "Walimu, jina la mwanangu litasomwa kando ya jina la ndugu wa watu waliomuua?"

Swali hilo ni la haki. Hatukuja hapa kumkemea mzee aliyeuliza. Tumekuja kulijibu kwa kadiri ya uwezo wetu, na njia tuliyoiona ni kuzungumza juu ya sala. Katika shida zetu zote, sala ndiyo kitu ambacho kila mmoja wetu alikivuka nacho mpaka bila kunyang'anywa.

1. Kuomba msaada si aibu

Ndugu zetu, mtu aliyefukuzwa kwake haoni haya kumwomba Mungu msaada. Katika nyumba zetu za kupanga kule Katwe, Nsambya na Makindye, na katika makazi ya wakimbizi, usiku haupiti bila sala. Tunaomba mtoto apone malaria. Tunaomba kodi ya mwezi ipatikane, maana wengi wetu tunaoishi mjini hatupati posho. Tunaomba habari za ndugu waliopotea njiani. Mwaka 2020 posho ya makambini ilipunguzwa, na mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua sana, familia nyingi mno ziliondolewa kabisa katika orodha ya chakula. Nani asingesali?

Kwa hiyo tusimsikilize mtu anayesema kwamba kulia mbele za Mungu ni udhaifu au ni ukosefu wa imani. Zaburi zimejaa vilio vya watu waliozingirwa na adui. Nabii Yunus, ambaye Wakristo tunamwita Yona, aliomba akiwa ndani ya tumbo la samaki, na Waislamu na Wakristo wanaikumbuka sala yake mpaka leo.

Lakini tazameni jinsi sala hizo zilivyojengwa. Wakristo wanajua kwamba katika sala ya Baba Yetu, mara baada ya kuomba chakula cha siku, linafuata ombi la kusamehewa. Na ombi hilo limefungwa pamoja na sisi kuwasamehe wengine. Hakuna nafasi kati ya chakula na msamaha. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa kuomba toba pamoja na dua zao. Wanafundishwa pia kwamba kuna haki ya Mungu na kuna haki ya mja: dhambi uliyomtendea binadamu mwenzako haiishi kwa kutubu kwa Mungu tu, bali ni lazima umrudie mwenyewe, urudishe ulichochukua au umwombe radhi.

Basi dini zetu zote mbili zinatuambia kwamba mkono unaoomba msaada na mkono unaoomba msamaha ni mikono ya mtu mmoja. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

2. Wazazi wa Lira

Hapa Uganda kuna watu waliougusa ugumu huo kabla yetu, na tunaona inafaa tuwasikilize.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA waliingia katika shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, kaskazini mwa nchi hii. Wakawachukua wasichana 139. Makamu wa mkuu wa shule, Sista Rachele Fassera kutoka Italia, hakukaa kuomboleza. Aliwafuata waasi porini kwa miguu, akiongozana na mwalimu mmoja, John Bosco Ocen. Walipowafikia, sista aliomba na kubembeleza. Waasi wakamwachia wasichana 109. Waliobaki 30 wakapelekwa porini.

Sisi walimu tunapolitaja jina la mwalimu Ocen tunasimama kidogo, maana tunajua ni jambo gani kumfuata mwanafunzi mahali ambapo unaweza usirudi.

Wazazi wa wale 30 wakaanza kukutana mjini Lira kila juma kusali na kufunga. Waliomba jambo moja tu: watoto warudi. Kati yao alikuwemo mama mmoja mkunga, Angelina Atyam, ambaye binti yake alikuwa na miaka 14. Baadaye mama huyo ameeleza mara nyingi jambo lililowapata. Siku moja walikuwa wakisali Baba Yetu. Walipofika kwenye maneno ya kusamehe, sala ikakwama. Hawakuweza kuendelea. Waliona kwamba wanamwomba Mungu awape watoto wao, na wakati uleule mioyo yao inawaka kwa chuki juu ya waliowachukua. Wakatawanyika, kila mmoja akarudi nyumbani na fundo lake.

Ndugu wapenzi, tunaomba mlitazame jambo hilo vizuri. Wazazi wale hawakujidanganya. Hawakuyatamka maneno ambayo mioyo yao haikuyabeba. Waliacha sala katikati, wakaenda kujiuliza. Sisi tunaona kwamba hata kule kukwama kulikuwa ni sala.

Mama Atyam hakuishia hapo. Alimtafuta mama wa kamanda aliyekuwa akimshikilia binti yake. Alikwenda kwa mama yule, akamwambia kwamba anamsamehe mwanawe na ukoo wake. Akina mama hao wawili wakalia pamoja.

Je, baada ya hapo binti alirudi kesho yake? Hapana. Wala mama Atyam hakunyamaza kwa sababu amesamehe. Yeye na wazazi wenzake waliunda chama, wakazunguka nchi nyingi kuwatetea watoto wote waliotekwa, si wao peke yao. Waasi walipoona habari zao zinasikika duniani, walimpelekea ujumbe: anyamaze, naye atarudishiwa binti yake. Alikataa. Alisema warudishwe wote. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo yake ya haki za binadamu. Binti yake alitoroka mwaka 2004, baada ya miaka zaidi ya saba, akiwa tayari mama. Baadhi ya wenzake walikufa porini.

Kutokana na habari hii tunajifunza kwamba msamaha haukuwa bei ya kununulia msaada wa Mungu. Ungekuwa bei, binti angerudi siku ileile. Ila msamaha ulimpa mama yule kitu ambacho chuki isingempa. Aliweza kuwaona watoto wa wengine wote kuwa watoto wake. Ndiyo maana aliweza kukataa kupewa wa kwake peke yake.

3. Askofu mkimbizi

Mfano wa pili uko karibu na hapa tuliposimama. Kanisa kuu la Namirembe mnalifahamu nyote. Mwezi Februari 1977 lilichimbwa kaburi pale kwa ajili ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Luwum alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuwa mchungaji, na jimbo lake kuu lilijumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga kule Zaire. Kwa hiyo alikuwa askofu mkuu wa wazee wetu wengi pia. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Maiti haikupelekwa Namirembe. Kaburi likabaki tupu, na waumini wakaimba kando ya kaburi tupu.

Rafiki yake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alikimbia na mkewe Mera kwa miguu, usiku, wakapanda milima mpaka Rwanda. Akawa mkimbizi kama sisi. Ijumaa Kuu ya mwaka uleule alikuwa London, na aliposikiliza habari za Yesu akiwaombea waliomsulubisha, aliona kwamba chuki juu ya Amin imeanza kumla yeye mwenyewe. Akaomba atolewe chuki hiyo. Baadaye akatoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin".

Bila shaka wapo walioudhika kwa jina hilo, hasa wafiwa, na hatuwalaumu. Lakini Kivengere hakusema kwamba Amin hana hatia. Aliendelea kuieleza dunia mambo yaliyokuwa yakitendeka Uganda, na kuwahudumia wakimbizi wenzake, mpaka alipoweza kurudi nyumbani mwaka 1979 baada ya Amin kuanguka. Amin mwenyewe hakufikishwa mahakamani. Alikufa Saudi Arabia tarehe 16 Agosti 2003. Kama Kivengere angengoja Amin aombe radhi ndipo apate amani, angekufa akingoja, maana yeye alitangulia kufa mwaka 1988.

4. Mambo ambayo msamaha siyo

Sasa tumrudie mzee wetu na swali lake, maana mifano ya watu wakubwa inaweza kumlemea mtu badala ya kumsaidia. Tunataka tuseme wazi mambo manne.

Kwanza, msamaha si kusahau. Tungekuwa tunataka kusahau, tusingekutana leo. Siku hii ni ya kukumbuka, na orodha hii ni ya kukumbuka.

Pili, msamaha haufungi mlango wa sheria. Dominic Ongwen, mmoja wa makamanda wa waasi haohao wa LRA, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2021 kifungo cha miaka 25. Mahakama ilipima pia kwamba yeye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Mtu anaweza kusamehe moyoni na bado akatoa ushahidi. Kusema ukweli mbele ya hakimu si kulipiza kisasi.

Tatu, msamaha hauondoi wajibu wa mkosaji. Wazee wa Kiacholi wana desturi inayoitwa mato oput, yaani kunywa dawa chungu ya mizizi. Kabla ya kuinywa, ukoo wa muuaji hukiri kosa na kulipa fidia. Kisha pande zote mbili hunywa kutoka chombo kimoja. Anayekunywa bila kukiri hajapatanishwa. Wazee wetu wa Burundi na wa Kongo nao wana mabaraza yao yenye kanuni za namna hiyo.

Nne, msamaha haulazimishwi. Hakuna mchungaji, sheikh, mwalimu wala ofisa anayeweza kumwamuru mjane asamehe leo saa nne asubuhi. Wazazi wa Lira walikwama, na Mungu hakuwafukuza. Aliyekwama leo na akae na sala yake mahali ilipokwama, asione haya, nasi tukae naye.

5. Kwa nini orodha moja

Basi kama msamaha haulazimishwi, kwa nini Kamati imeziweka orodha pamoja? Jibu letu ni kwamba orodha moja haimdai mtu asamehe. Inadai kitu kidogo zaidi: tukubali kwamba na mwenzetu amefiwa.

Marehemu watakaosomwa leo ni watoto wa mwaka mmoja, ni wakulima, ni wanafunzi, ni bibi waliochomewa ndani ya nyumba, ni waliozama ziwani wakikimbia. Wauaji hawamo katika orodha hii. Kamati imekaa na familia, jina kwa jina. Kwa hiyo mzee wetu, jina litakalosomwa kando ya jina la mwanao si la mtu aliyemuua. Ni la mtu aliyeuawa kama yeye, ambaye mama yake ameketi hapahapa, labda safu ya pili kutoka kwako, na anaogopa kukutazama kama wewe unavyoogopa kumtazama.

Tena kuna watoto. Sisi walimu tunawaona kila siku. Darasani wamo watoto kutoka Kivu, Ituri, Burundi, Rwanda na Sudan Kusini. Wengi walizaliwa hapa Uganda, hawajaiona vita. Hata hivyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kukataa kukaa dawati moja na mwenzake, na ukimuuliza sababu anakutajia kabila. Hakulijifunza kwenye kitabu chetu. Amelisikia usiku, kwenye mkeka, wazazi wakidhani amelala. Mtoto huyohuyo anasikia pia sala ya nyumbani inayoomba chakula, kodi na safari ya nchi ya tatu. Akisikia na ombi la msamaha, hata kama linasemwa kwa kigugumizi, atajua kwamba wazazi wake wanapigana na jambo zito. Asiposikia kamwe, atadhani chuki ni sehemu ya dini yake.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wazazi jambo moja. Katika sala ya nyumbani, baada ya kuomba msaada, mtaje kwa sauti jirani mmoja wa upande mwingine aliyewahi kukutendeeni wema: aliyekupeni maji njiani, aliyekuficheni, aliyekukopesheni unga wiki iliyopita. Hatusemi mseme mmesamehe. Semeni tu jina lake na wema wake, watoto wasikie.

6. Kwa ndugu zetu wa mashirika

Tunawashukuru kwa kazi yenu, hasa wale wanaobaki kazini wakati bajeti zimekatwa na wenzao wameachishwa. Tunaomba mtuvumilie tukisema neno moja la ukweli. Msamaha haufai kuwekwa katika ratiba ya semina, uanze baada ya chai na uishe kwa watu kushikana mikono mbele ya kamera. Aliyeshikishwa mkono wa namna hiyo hurudi nyumbani na aibu, na mwaka unaofuata haji tena mkutanoni.

Mnaloweza kutusaidia ni hili. Tusaidieni tupate mahali pa kukutana, kama leo. Wasaidieni wasiolala usiku wapate mtu wa kuzungumza naye kwa lugha yao. Wasaidieni wanaotaka kutoa ushahidi wautoe kwa usalama. Na majina yanapotolewa katika orodha ya posho, elezeni sababu hadharani, kwa sababu mahali ambapo hapana maelezo, watu hutafuta kabila la kulaumu.

Mwisho

Ndugu zetu, tutasoma majina sasa. Kila mtu na asali kwa namna ya dini yake. Anayeweza kuomba msaada na msamaha pamoja, aombe yote mawili. Anayeweza kuomba msaada tu, aombe huo. Anayeweza kulia tu, na alie, Mungu anaelewa machozi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awapokee marehemu wetu wote. Awafariji wafiwa wa pande zote. Awape wakosaji ujasiri wa kukiri, na waliokosewa nguvu ya kuishi. Awalinde watoto wetu wasirithi vita vyetu. Aibariki Uganda iliyotupa mahali pa kulala, na siku moja atufikishe nyumbani kwa amani.

Tunaomba tusimame. Majina ni mengi, na tutayasoma polepole. Kila jina likisomwa, tuitikie sote pamoja: "Tunakukumbuka."